Maji ya Majivu

Beni, Jumatatu, 5 Februari 2001

Kidonge saa kumi na mbili kasorobo. Tumbo tupu. Kisha kungoja saa nzima bila hata chai, maana docteur wa Butembo alisema kaptopril haipatani na chakula tumboni. Saa nzima nakaa kwenye kiti namtazama Masika, mke wangu, akipuliza moto. Mapigo ya moyo 74. Nayahesabu kila asubuhi kwa saa ya mkono, vidole shingoni, kama nilivyofundishwa hospitalini.

Miguu haijavimba tena. Viatu vinaingia. Mwezi jana havikuingia, na nilikuwa nahema kama nimebeba gunia huku nimekaa kitako.

Nilifungua depo, duka langu la chumvi, saa mbili. Lori la chumvi kutoka Kasindi, mpakani, halijafika, wiki ya pili sasa. Wengine wanasema barabara imefungwa. Wengine wanasema askari wamechukua malori yote. Nimeuza chumvi ya Katwe miaka thelathini katika mji huu, na tangu Januari nimekatazwa kuila. Soko zima linanicheka. Wacheke.

Jumatano, 7 Februari

Mapigo 72. Maragwe bila chumvi. Jana sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Juzi maragwe. Leo nilisukuma sahani. Masika aliiondoa. Baadaye nilijiona mbaya. Si kosa lake. Lakini mtu ambaye vidole vyake vimepasuka kwa chumvi mchana kutwa, halafu jioni anakula udongo, ana haki ya kununa kidogo.

Jumamosi, 10 Februari

Yamebaki magunia mawili. Nauza kwa kikombe, ili kila mama apate. Leo wamekuja watu wa Mbau kwa baiskeli kutafuta chumvi. Niliwapa kidogo. Kidogo sana. Niliona aibu.

Wanawake wa mtaa wetu wameanza kuchoma maganda ya ndizi. Wanayakausha juani, wanayachoma, majivu wanayatia katika kibuyu chenye tundu, wanamwagia maji. Yanayochuruzika chini ni maji ya rangi ya chai, yanauma ulimi. Mama zetu walipika hivyo kabla ya malori. Nilipita nikawaambia hiyo si chumvi, hiyo ni sabuni. Mmoja akanijibu basi nilete yangu. Nikafyata mkia nikaenda zangu.

Nilipofika nyumbani, Masika naye anachoma maganda.

Jumanne, 13 Februari

Niandike hili wazi: leo nimekula. Maragwe laini, yana ladha, mchuzi mzito. Masika alitia vijiko vinne vya maji ya majivu kwenye chungu changu. Nililamba sahani. Nilimuuliza kama docteur hatakasirika. Akasema docteur alikataza chumvi, na chumvi haipo hata dukani kwangu.

Ni kweli. Chumvi ni kitu cha gunia. Ina punje, inang'aa, inalowa mvua ikikaribia. Nani anaijua kuliko mimi? Maji ya majivu ni maji ya majivu. Kwetu hakuna aliyewahi kuyaita chumvi.

Mke wangu ana akili kunizidi. Sitamwambia, atavimba kichwa.

Mapigo 70.

Ijumaa, 16 Februari

Goti la kulia. Mvua ya siku tatu imeliamsha. Nilinunua vidonge vya rangi mbili kwa yule anayeuza dawa mezani karibu na parking ya magari. Alisema ni vya maumivu, hata wachezaji mpira wanavimeza. Asubuhi kimoja, jioni kimoja. Goti limenyamaza.

Masika hapendi dawa za mezani. Akijua, nitasikia kelele mpaka Pasaka. Nimevificha ndani ya buti la mvua.

Jumatatu, 19 Februari

Mapigo 60. Nilihesabu mara mbili. Miguu mizito, si kuvimba, ni uzito. Kupanda ngazi tatu za depo nilishika ukuta. Labda ni umri. Nina miaka sitini na mbili, si mia.

Butembo, Alhamisi, 22 Februari

Nimekuja kwa kipimo. Salumu, mtoto wa marehemu rafiki yangu, alinipakia kwenye Land Rover yake kati ya madumu ya mawese. Masika amebaki kulinda nyumba. Nalala kwa mdogo wangu Muhindo.

Docteur alipima presha. Imeshuka vizuri, alifurahi. Akauliza, "Chumvi unakulaka?" Nikamwambia, "Docteur, miye njo muuza chumvi. Nikisema hapana, ni hapana. Hata punje." Akacheka, akaandika. Akauliza kama kuna dawa nyingine ninayomeza. Nikasema hapana. Vidonge vya goti si dawa ya ugonjwa, ni vya goti tu, na nimeviacha nyumbani.

Akasema figo zangu zimechoka kidogo kwa sababu ya presha ya miaka mingi. Nisizichezee. Sijui mtu anachezea figo namna gani.

Jumapili, 25 Februari

Mapigo 70. Nilipanda kilima hadi kanisani bila kusimama. Muhindo alisimama mara mbili, nami nilimngoja kwa furaha.

Mke wa Muhindo anapika bila chumvi kama alivyoamriwa, na mikono yake haina huruma. Chakula hakina ladha hata kidogo. Lakini nguvu zimerudi. Nimefikiri sana, nimepata sababu. Ni baridi. Mimi nimezaliwa milima ya Lubero, damu yangu ni ya baridi. Joto la Beni limenilegeza. Nilimweleza Muhindo. Akasema huenda. Muhindo husema huenda kwa kila kitu.

Beni, Jumatano, 28 Februari

Jumatano ya Majivu. Padri alinichora msalaba kwenye paji la uso, akasema mimi ni mavumbi. Najua. Nimerudi nyumbani, Masika amechuja chupa mbili mpya. Kwaresima yote hatuli nyama. Maragwe kila siku, basi, na maji yake. Sina malalamiko, baada ya chakula cha kwa Muhindo.

Mvua tena. Goti tena. Buti la mvua.

Mapigo 68.

Jumanne, 6 Machi

Mapigo 56.

Risasi zilisikika upande wa kaskazini jana na juzi. Watu wa Eringeti wanashuka na magodoro vichwani. Wanalala kwenye madarasa ya parokia. Chumvi yangu ya mwisho, nusu gunia, nimewapelekea akina mama wanaopika pale. Masika alisema ni kitendo kizuri. Nilitaka aseme tena, hakusema.

Mkono wangu ulikosa nguvu nilipoinua gunia. Nusu gunia. Mimi.

Ijumaa, 9 Machi

Mapigo 52. Joto kali. Nimemwambia Masika joto ndilo linaniua, nikapumzike Butembo. Akasema barabara siyo nzuri wiki hii. Anaongeza sahani yangu. Anasema mgonjwa ale. Mimi nakula. Ni kitu pekee kinachonifurahisha kwa siku.

Naogopa. Niandike. Hakuna anayesoma hapa. Naogopa kufa kabla barabara haijafunguliwa na duka limefungwa, watu wakasema yule mzee aliisha pamoja na chumvi yake. Naogopa zaidi kumwacha Masika peke yake katika mji huu, wakati huu.

Jumatatu, 12 Machi

Mapigo 48. Midomo inawasha kama nimepakwa pilipili. Vidole pia.

Jumatano, 14 Machi

Nilianguka depo. Si kizunguzungu. Miguu iligoma tu, kama si yangu. Nililala sakafuni natazama magunia matupu mpaka fundi viatu wa jirani akanisikia. Mapigo 44.

Masika hakulia. Alifunga nguo, sufuria, maragwe, chupa zake. Alikwenda mwenyewe kumwamsha Salumu kwenye usingizi wake wa mchana. Kesho tunaondoka.

Butembo, hospitali, Alhamisi, 15 Machi

Safari imechukua saa saba. Barabara ya Kabasha ilikuwa matope. Salumu alikuwa anaswali barabarani kila tuliposimama, nadhani alikuwa anaongeza na sala zangu.

Bariere ya Maboya, kizuizi cha askari. Askari akafungua kikapu cha Masika, akatoa chupa. Rangi ya chai, kizibo cha jani la mgomba. Akadhani lotoko, pombe kali. Masika akamwambia ni ya kupikia. Hakuamini. Akapiga funda kubwa. Alitema hadi kwenye buti zake, akauliza kwa Kilingala ni nini ile. Wenzake walicheka mpaka wakasahau kutuomba chochote. Hata mimi nilicheka, nimelala juu ya madumu, mapigo 44. Salumu hakungoja, alikanyaga mafuta.

Nimepewa kitanda karibu na dirisha. Baridi inaingia. Nzuri. Sasa nitapona.

Ijumaa, 16 Machi

Mapigo 44. Sijapona. Nimefunua blanketi ili baridi iingie vizuri. Masika amelirudisha. Nimelifunua. Amelirudisha.

Hapa kila familia inampikia mgonjwa wake, huko nyuma, jikoni chini ya mabati. Masika ameshapata mafiga yake na rafiki watatu. Maragwe mchana, maragwe jioni. Nakula kidogo.

Goti liko kimya. Kabla ya kuondoka nilitoa vidonge kwenye buti. Viko mfuko wa koti. Kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Jumamosi, 17 Machi

Mapigo 42.

Baridi ipo na mimi sina nguvu. Nimelala nawaza. Mwezi jana siku tatu za Butembo zilitosha, nikampita Muhindo kilimani. Safari hii siku ya tatu, nashuka. Basi si baridi. Kama si baridi ni nini? Nilimwomba Masika anipe daftari hili, nikasoma nyuma. Februari 13, mapigo 70. Februari 19, mapigo 60. Kwa Muhindo yakapanda. Nyumbani yakashuka. Kitu kipo nyumbani. Na sasa kitu hicho kimenifuata hapa.

Nani amekuja nami kutoka nyumbani? Masika tu. Niliandika hilo nikaliangalia. Nilijichukia. Miaka thelathini na minane ya ndoa.

Jumapili, 18 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi waliwasha groupe, ile jenereta, umeme ukaja, docteur akaleta mashine ya kuandika moyo. Nyaya kifuani na miguuni. Karatasi ikatoka na mstari. Docteur aliikazia macho muda mrefu. Alinionyesha: vilima vimechongoka juu kama paa za hema. Akasema damu yangu imejaa kitu kinachoitwa potasiamu. Kinapunguza mwendo wa moyo. Kikiongezeka kidogo tu, moyo unasimama. Alisema hivyo hivyo, unasimama, na sauti yake ilikuwa ya kawaida.

Akauliza tena chumvi. Nikasema hata punje. Akamuuliza Masika. Masika akaapa kwa mama yake, hata punje, hakuna chumvi ndani ya nyumba. Docteur akauliza chumvi nyingine, ya dukani, ya wazungu, ya kubadilisha. Hapana. Tulisema kweli sote wawili. Nilikuwa nimekasirika, kwa nini docteur hatuamini?

Basi muuguzi Kahindo, binti wa Lubero, mfupi, kimya, aliyeshika karatasi nyuma ya docteur, akauliza swali lake. Hakuuliza kuhusu chumvi. Alimuuliza Masika kwa heshima, kama binti kwa mama mkwe:

"Mama, juzi nilipita jikoni, maragwe yenu ilikuwa laini sana. Munatiaka nini?"

"Maji ya majivu tu," Masika akasema.

"Majivu ya nini, mama?"

"Ya maganda ya ndizi."

Kahindo akamgeukia docteur. Docteur si mtu wa huku, hakuelewa. Kahindo akamweleza kwa Kifaransa, kibuyu, tundu, maji. Docteur akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Akasema majivu ya ndizi karibu yote ni hiyo potasiamu. Mtu mwenye afya huikojoa ikatoka. Lakini figo zangu zimechoka, na kaptopril yenyewe huizuia isitoke. Dawa nzuri, chakula kizuri, figo mbovu. Kila kimoja peke yake kisingenifanya kitu kikubwa. Vitatu pamoja vimenifunga kamba.

Akaamuru sindano ya taratibu kwenye mshipa, maji ya seramu, dawa ya kukojoa. Kaptopril imesimamishwa. Kahindo akaichukua chupa ya Masika kwa mikono miwili akaiondoa.

Masika alibaki amesimama. Akasema, "Kumbe ni miye nilikuwa nakuuwa."

Sikumjibu. Sindano ilikuwa inaingia, nilikuwa naona joto mwili mzima. Lakini hiyo si sababu. Sikumjibu kwa sababu jana niliandika kile nilichoandika.

Jumatatu, 19 Machi

Mapigo 50. Nimekojoa usiku kucha, samahani daftari.

Muhindo alikuja kunitazama. Aliposikia habari akacheka, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Alitania tu, ndivyo alivyo. Masika akachukua ndoo, akasema anakwenda kuteka maji. Ndoo ilikuwa imejaa. Nilimfukuza Muhindo. Mdogo wangu, ana miaka hamsini na tano, nimemfukuza kama mtoto.

Masika hakupika leo. Mke wa Muhindo ndiye aliyeleta chakula.

Jumanne, 20 Machi

Mapigo 54.

Docteur alipita akasema kitu hakijamkaa vizuri. Kwa hesabu yake mapigo yangu yangekuwa yameshapanda zaidi. Akauliza tena, polepole, kama kuna dawa nyingine. Nikafungua mdomo kusema hapana. Masika alikuwa mlangoni, ameinama, anakunja nguo yangu ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Asubuhi nilikuwa nimemeza kimoja.

Mficha maradhi kilio humfichua. Nikanyoosha mkono kwenye koti, nikatoa vidonge vya rangi mbili, nikaviweka juu ya blanketi, nikasema nyumbani nilivificha ndani ya buti. Docteur alivitazama na kufunga macho kidogo. Akasema hivi navyo vinachosha figo na kuzuia potasiamu isitoke, tena vinapandisha presha ile ile tunayoishusha. Kama aliyetia maji ya majivu alifunga mlango, aliyemeza hivi alipiga msumari. Docteur hajui kutania lakini alijaribu.

Alipoondoka nilimwambia Masika mbele ya wagonjwa wote wa chumba kile: "Weye ulinipa kitu mbele ya macho yangu. Miye nilificha. Nani aliniuwa?"

Aliketi. Mara ya kwanza tangu Jumapili aliketi kitandani, si kwenye sakafu. Kisha akaanza: dawa za mezani, nilikukataza mara ngapi, buti la mvua, kumbe ndiyo maana ulikuwa hutaki nilioshe. Kelele mpaka Pasaka, kama nilivyotabiri. Sijawahi kusikia kelele tamu namna ile.

Hata hivyo hajapika.

Ijumaa, 23 Machi

Mapigo 66. Leo nilitembea hadi jiko la nyuma. Kahindo alikuwa pale, amewakusanya akina mama. Anawauliza mmoja mmoja: presha? figo? moyo? Kisha hasemi msile chumvi. Anasema: chumvi ya gunia, kipande cha dukani cha kukolezea mchuzi, maji ya majivu, samaki mkavu. Anavitaja kwa majina, kwa Kinande. Mama mmoja wa Lubero alikwenda akamwaga kibuyu chake. Wengine wenye wagonjwa wa malaria wakabaki na vyao, Kahindo akasema kwao si tatizo.

Nilimwuliza alijuaje. Akasema bibi yake alimpikia hivyo. Docteur alisoma miaka saba. Kahindo alikula.

Jumanne, 27 Machi

Mashine tena. Vilima vimelala. Docteur alinipa mkono. Dawa mpya ya presha, ya aina nyingine, nayo ina masharti yake. Safari hii nilimtajia docteur kila kitu kinachoingia kinywani mwangu, hata tangawizi, hata jani la mchaichai. Alichoka kabla sijamaliza. Magoti, amesema, nikande kwa maji ya moto na nivumilie, au parasetamoli.

Beni, Jumapili, 1 Aprili

Nyumbani. Mapigo 70. Mji mtulivu. Watu wa Eringeti wengine wamerudi kutazama mashamba yao.

Masika anafagia, anafua, anateka maji. Chungu changu kimegeuzwa juu chini. Jirani ndiye anayeleta ugali na mboga kwa ajili yangu. Nilimuuliza Masika. Akajibu, "Miye hapana kugusa tena chungu yako." Kwa sauti ya chini, bila hasira. Chakula chake mwenyewe anachemsha mihogo.

Nimepona na nyumba haijapona.

Alhamisi, 5 Aprili

Lori la Kasindi limefika. Magunia arobaini. Soko lote lilikuja. Wanawake waliniuliza kama sasa nitaonja. Nikawaambia habari yote, bila kumtaja aliyepika. Nilisema ni mimi, mjuaji wa chumvi, niliyekula majivu nikaapa sili chumvi. Walicheka. Lakini wawili walibaki nyuma. Mmoja mumewe ana presha, mwingine yeye mwenyewe. Wote wawili wanatumia maji ya majivu kwa sababu walikatazwa chumvi. Niliwapeleka kwenye kituo cha afya mguu kwa mguu, duka nikamwachia fundi viatu.

Nilimsimulia Masika jioni. Alisikiliza akiwa amesimama. Aliuliza majina yao. Mmoja anamjua.

Jumanne, 10 Aprili

Masika amekwenda kwa yule mama anayemjua. Alikaa mchana wote. Amerudi na viungo: seleri, poro, ndimu, vitunguu saumu. Hakusema ni vya nini. Sikuuliza. Nimejifunza angalau hilo.

Mapigo 72.

Jumatatu, 16 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Mvua asubuhi, jua baadaye. Nilifunga depo mapema.

Niliingia jikoni kutafuta maji, nikamkuta Masika ameinama juu ya chungu changu. Maragwe. Vitunguu, seleri, pilipili kidogo. Hakunifukuza. Alichota mchuzi kwa mwiko, akadondosha kwenye kiganja chake, akaonja. Nilimwona anasita. Kisha akashika mkono wangu, akaufungua, akadondosha na kwangu.

"Onja. Useme kweli."

Nilionja. Ningeweza kusema ni tamu. Mume yeyote angesema. Nikamwambia bado. Akakamua ndimu. Bado. Akaponda kitunguu saumu kimoja zaidi. Karibu. Akaongeza ndimu tena. Tulikuwa tumesimama pale kwenye moshi, mkono wangu ukiwa na michirizi ya mchuzi hadi kwenye kiwiko. Mara ya nne nikamwambia hapo.

Alitoa sahani moja kubwa, akapakua chungu chote. Tukakaa tukala.